Dakika Kumi na Moja za Sindano

Wa kwanza kuinuka alikuwa muuza nyama. Nilimwona kwa macho yangu mawili, na mpaka leo nikipita mbele ya bucha lake natazama upande wa pili. Aliinuka, akajinyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Jamani, huyu mama akimaliza kutia huo uzi, mtanipigia simu." Safu yote ya nyuma ikaangua kicheko. Wawili wakamfuata, kisha watatu, viti vikawa vinakwaruza sakafu.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa shule. Madirisha yalizibwa kwa mapazia meusi niliyoyashona mwenyewe wiki iliyotangulia, bure, eti kwa ajili ya sanaa. Mbele palitundikwa shuka jeupe, na kwenye shuka hilo alikuwa wifi yangu, uso mpana kuliko mlango, sindano mkono wa kushoto, uzi mkono wa kulia. Hasemi neno. Muziki hakuna. Anaupeleka uzi kwenye tundu, unapita pembeni. Anaulamba, anausokota kwa vidole, anaupeleka tena, unapita pembeni. Na kamera imeganda palepale, haisogei. Dakika ya tatu watu walikohoa. Dakika ya tano wakaanza kunong'onezana. Dakika ya saba ndipo muuza nyama akainuka.

Wifi mwenyewe alikuwa amekaa kushoto kwangu, amevaa gauni lake la heshima, mikono mapajani.

"Wanacheka nini?" akaniuliza.

"Wajinga tu hao. Usiwasikilize."

"Hapo nafanya nini?"

Nilidhani ananitania. "Unatia uzi kwenye sindano, wifi. Kwani hujioni?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu shingo yangu ilikuwa imegeuka nyuma, nawahesabu wanaotoka mmoja mmoja, ili Jumatatu nijue wa kumnunia. Nilifika watu ishirini na tatu. Ghafla wale wachache wa mbele wakaanza kupiga makofi. Nilipogeuka, picha ilishahamia kwingine, kwenye kiti kitupu na dirisha. Wifi hakuniuliza tena.

Nikwambie ukweli, mimi sikujaliwa subira. Mume wangu husema hasira zangu hazipigi hodi. Lakini siku hiyo nilikuwa na haki, au ndivyo nilivyojiona, kwa sababu aliyekuwa anachekwa pale si mtu wa kuchekwa.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Jina lake la kuzaliwa halitumiki tena. Mtaa mzima unamwita Mama Sare. Alianza hivi. Mwanawe akiwa darasa la pili alirudishwa nyumbani kwa sababu shati lake limechanika begani na kola haijulikani tena ni ya rangi gani. Baba wa mtoto alishaondoka kitambo, na hakuacha anwani. Wifi hakujua kushona. Alilichukua lile shati bovu, akalifumua lote, akavitandaza vipande sakafuni, akavichora kimoja kimoja kwenye karatasi ngumu. Akaazima cherehani ya jirani siku tatu. Shati la kwanza, anasema mwenyewe, kola ilikaa kama sikio la mbuzi. La pili likakaa sawa. Mwalimu wa darasa akauliza, hili limeshonwa wapi? Mwanamke yule leo ndiye mwalimu mkuu, na kwa miaka kumi na tisa sare zote za shule yake zimetoka kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Hiyo ndiyo kazi iliyomlea mtoto, iliyoezeka nyumba, iliyomsomesha yule mtoto mpaka akaenda kusomea filamu.

Ubingwa wa wifi ni pindo. Mafundi wengine huacha kitambaa kidogo tu chini ya sketi. Yeye huacha vidole vitatu, akapinda kwa mkono, si kwa mashine, ili mtoto akirefuka mama yake afumue na kuishusha bila kuacha alama. Humsimamisha mtoto mbele yake, akampapasa mabega na mgongo, akasema, "Huyu atarefuka kabla ya likizo." Sijawahi kumwona amekosea. Muuza nyama ana mabinti wawili, na wote wawili wanavaa pindo lake.

Mimi nilipoolewa sikujua hata kushona kifungo. Miaka sita iliyopita kazi ya mume wangu ilikatika, wifi akanichukua nikafanye kazi kwake. Akanifundisha kila kitu, sina la kuficha. Ila sharti lake la kwanza lilinikaa kooni. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, kabla hata ya kuulizana mmeamkaje, nitie uzi kwenye sindano kumi na mbili: sita uzi wa buluu, sita uzi mweupe, nizichomeke kwenye kimto kwa mstari, za buluu kushoto, nyeupe kulia. Kisha nitie uzi kwenye cherehani zote mbili. Zikiisha mchana, "Nitilie nyingine, wifi." Yeye hatii hata moja.

Mimi niliona ni umwinyi. Fundi gani hatii uzi mwenyewe? Nikamlalamikia mume wangu, "Dada yako ananifanya yaya wa sindano." "Si utie tu," akanijibu, hata macho hakufumbua. Nikatia, huku nimevimba. Futi yake ya kupimia ilikuwa na mafundo ya uzi kila baada ya inchi tano. Nikasema huo ni ushamba. Kwenye kopo la vifungo kulikuwa na kichupa cha dawa ya macho. Nilipouliza, akasema vumbi la vitambaa linamwasha. Nikaamini, nikaendelea kununa.

Sasa njoo kwa Msomi, ndilo jina nililompa huyo mwanawe. Alirudi kutoka masomoni na kamera, miwani mikubwa na maneno mapya. Akasema anataka kutengeneza filamu ya mama yake kazini, siku nne, hakuna kuigiza, hakuna kusema. Nilifurahi, sikatai. Nikasuka nywele. Asubuhi ya kwanza nimefika na blauzi yangu mpya, kijana akanishika bega kwa adabu zake zote.

"Anti, samahani. Namtaka mama peke yake. Chumba kiwe kitupu. Upweke ndio filamu yenyewe."

"Upweke? Mimi niko humu kila siku tangu saa moja, huo upweke unatoka wapi?"

"Ni wa kisanaa, anti."

Wa kisanaa! Nikamwangalia wifi nikitegemea atasema neno. Hakusema, mtoto wake karudi, ana furaha, hataki kumvunja moyo. Basi nikasusa. Nikachukua mkoba wangu, nikasema mpaka huyo kijana amalize upweke wake, mimi sikanyagi hapa. Wifi akanifuata hadi mlangoni, akanishika kiwiko.

"Sawa, nenda. Lakini nitilie sindano kwanza."

"Mwambie Msomi akutilie," nikasema, nikaenda zangu. Siku zote nne sikurudi.

Ndiyo hiyo filamu sasa, miezi minane baadaye, ukumbini. Taa ziliwashwa, mapazia yakavutwa. Waliotoka walirudi, maana palitangazwa kuna soda. Msomi akasimama mbele na kipaza sauti, akasema tujadiliane kwa uhuru. Lahaula, walijadiliana.

Muuza nyama akawa wa kwanza. "Swali langu fupi. Filamu ni kitu kutokea. Sasa pale kimetokea nini? Mke wangu nyumbani anatia uzi, hamalizi hata nusu dakika, na sijamwalika mtu kuja kutazama."

Wakacheka mpaka wakapigana vibao vya mabega. Hapo akainuka dada mmoja wa chuo, kilemba kirefu, kalamu sikioni.

"Kaka, hukuelewa. Sindano ile ni sisi. Uzi ni wakati. Lile tundu ni mfumo mzima unaokataa tupite. Mama yule anagoma! Anaigomea haraka ya dunia. Mimi nimelia."

"Umelilia uzi?" muuza nyama akauliza.

"Hamjui sanaa nyie!" mtu akafoka upande wa mbele.

"Na nyie hamjui sindano!" akajibiwa kutoka nyuma.

Ukumbi ukagawanyika pande mbili kwelikweli. Huku wanasema wamepotezewa Jumamosi yao, hata kitu cha bure kina gharama. Kule wanasema ni filamu bora kuwahi kuoneshwa mjini hapa, tena zile dakika kumi na moja ndizo roho yake. Mmoja akasema ni sala. Mwingine akasema ni usingizi. Msomi anatabasamu tu, anasema huo ndio mjadala alioutaka. Nilitamani kumtwanga na kipaza sauti chake. Mama yake amekaa pale, mtu mzima, anajadiliwa kama kitambaa sokoni, hawa wanamvuta huku, wale wanamvuta kule, na hakuna hata mmoja aliyemsalimia!

Halafu sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke, mpaka leo sijajua ni nani: "Mimi naulizia kitu kimoja. Huyu si ndiye fundi wa sare? Kama uzi tu unamchukua muda wote huo, ndiyo maana za watoto wetu zinachelewa. Huo ni uzembe."

Zimechelewa lini? Miaka kumi na tisa, zimechelewa lini? Nikapandwa na mori. Nikasimama. Wifi akanivuta gauni, "Kaa chini." Sikukaa.

"Nisikilizeni!" Sikuhitaji kipaza sauti. "Wewe muuza nyama, watoto wako wamevikwa na mikono hiyo unayoicheka, huna haya! Na wewe dada wa kalamu, acha kumsingizia wifi yangu, hagomi kitu huyu, ana sketi mia mbili za kupinda! Hana habari na mfumo wako! Na wewe unayejificha nyuma unasema uzembe, kwa taarifa yako, wifi yangu kutia uzi si kazi yake! Hajatia uzi miaka sita! Natia mimi! Kila asubuhi sindano kumi na mbili, hata za cherehani natia mimi, yeye hagusi! Siku hiyo sikuwepo, basi! Ningekuwepo mimi mngeona uzi unavyoingia!"

Nilisema hayo kifua mbele, nikidhani nimewakomesha. Mwalimu mkuu alikuwa safu ya pili. Akageuka kwenye kiti chake, akaniangalia, kisha akamwangalia wifi, na akauliza polepole, bila ubaya wowote:

"Hatii kwa nini?"

Nikafungua mdomo nijibu. Mafundo kwenye futi. Kichupa kwenye kopo la vifungo. Sindano za buluu kushoto, nyeupe kulia, kila siku vilevile, nikikosea tu ananigombeza. Hapo nafanya nini? aliniuliza, nami nikamwambia kwani hujioni. Nilikuwa nimemwaga mtama kwenye kuku wengi, na hakuna mkono wa kuuzoa.

Hakucheka mtu. Muuza nyama akatazama viatu vyake. Dada wa chuo alikuwa ameanza kuandika, akaacha. Wifi akainuka, akatafuta mgongo wa kiti cha mbele kwa kiganja chake, akasema, "Kunyweni soda, zinapata moto." Akatoka akifuata ukuta. Nilitaka kumshika mkono; akauondoa.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwake. Msomi alikuwa amekaa sakafuni kwenye chumba cha mbele, chini ya meza ya kukatia, mahali alipokuwa akichezea utotoni, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Nikamwanza yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Miezi minane unaikatakata hiyo picha! Umeitazama mara ngapi?"

"Labda mara mia mbili, anti."

"Mara mia mbili, na hukuona?"

"Nilidhani anaichelewesha makusudi. Kwa ajili ya kamera." Akavua miwani yake. "Nilidhani mama anaigiza."

"Mama yako kaigiza lini, wewe mjinga? Mama mzazi! Mtu aliyekuzaa, kapofuka mbele ya macho yako, wewe unatafuta upweke!"

"Sijapofuka," wifi akasema. Alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba cha ndani. "Na nyamazeni nyote wawili. Wewe hasa."

Akakaa kwenye cherehani yake, akaweka viganja juu ya meza. Akatueleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa matone, kila siku, bila kukosa. Kitambaa anakiona, mtu mlangoni anamwona, mstari wa chaki mweupe kwenye buluu anauona. Namba za futi hazioni. Tundu la sindano halioni, huu mwaka wa saba. Mengine yote anayafanya kwa vidole.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza. Nilikuwa na hasira hata hapo, Mungu anisamehe, hasira kwamba alinificha.

"Wewe?" Akacheka, lakini si kicheko cha furaha, akamwelekezea mwanawe kidole. "Huyu ningemwambia, asingekwenda kusoma. Angebaki hapa kunishika mkono. Na wewe ningekwambia saa mbili asubuhi, saa nne muuza nyama angejua, saa sita mwalimu mkuu. Jana hukuchukua hata dakika mbili."

Nilinyamaza. Sijui kama umewahi kunisikia nimenyamaza.

"Miaka sita nimekula macho yako," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda, wifi yangu huyu ambaye sijawahi kumsikia akifoka. "Ukanuna, nikavumilia. Ukanisema kwa mdogo wangu, nikasikia, nikavumilia. Nikasema huyu mdomo ni mbaya lakini sindano zangu ziko tayari. Halafu siku nne, siku nne tu, nimekufuata mpaka mlangoni, nimekuomba! Ukaniambia nimwambie Msomi!"

"Mama," Msomi akasema. "Siku ile kwa nini hukuniambia nikutilie?"

"Nilikuwa nangoja uzime. Nikasema atachoka huyu, atazima, nitoke nje nimtafute mtu. Hukuzima. Unanitazama tu na hicho kidude. Ningefanya nini?"

Nikatafuta kazi ya mikono, nikachukua kimto, nikaanza kutia uzi. Hiyo ilikuwa Jumapili, hakuna kazi Jumapili. Nikatia zote kumi na mbili.

Jumatatu mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, kabla ya saa nne. Nilijua alichojia kwa jinsi alivyokataa kukaa. Akasema amekuja kama rafiki, si kama ofisi. Kamati imekutana. Wazazi wameuliza. Hakuna anayesema kazi ya Mama Sare ni mbaya, ila mkataba ni wa mwaka mzima, na watu wakishajua jambo wamelijua. Labda sasa apumzike.

"Apumzike nini?" nikadakia. "Ijumaa mlikuwa mnavaa sare zake, hamkuona kasoro. Amebadilika nini tangu Ijumaa?"

"Wifi," Mama Sare akasema.

Nikaung'ata ulimi, si kwa mfano, niliung'ata kweli.

Yeye akasimama, akamwendea mwalimu, akamwekea mikono mabegani kama anavyowafanyia watoto. Akashusha viganja mpaka kiunoni, akapima shubiri mbili, akagusa pindo la sketi yake. "Umepungua tangu muhula uliopita," akasema. "Na hii sketi nilikupindia mimi, lakini kuna mtu ameishusha upande wa kushoto, kashona kwa haraka."

Mwalimu akajitazama. "Niliishusha mwenyewe," akakiri.

"Hicho ndicho ninachokiona. Namba sioni. Cherehani atakaa huyu, mimi nitapima na nitakagua kwa vidole, kila pindo, kabla halijatoka mlangoni. Kaiambie kamati hivyo. Usiwaambie naona, waambie hivyo nilivyosema."

Jibu lilikuja Alhamisi, kwa karatasi. Sketi tumebaki nazo. Mashati yamepewa fundi mwingine, wa upande wa pili wa barabara, mwenye mashine nne na mdomo mdogo. Mashati ndiyo yaliyomfanya awe fundi. Ile kola ya sikio la mbuzi, yale makaratasi aliyoyachora sakafuni, hayo ndiyo yaliyoondoka. Alinitaka nimsomee ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kopo la vifungo pamoja na dawa yake. Hasira hasara, husema watu. Hasara hiyo haikuwa yangu, ndiyo inayoniuma. Kama ningeweza kuilipa mimi, ningeilipa.

Jioni yake Msomi akaja na kompyuta yake kwapani. Kuna mahali wameiomba filamu, watu wengi wataiona, wageni. Akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake.

"Nitazikata zile dakika kumi na moja, mama. Zote. Hakuna atakayeziona tena."

"Zikate," nikasema mimi. "Zichome kabisa. Wale wa kucheka wasipate cha kucheka, na yule wa kalamu atafute sindano nyingine ya kulilia."

"Sikukuuliza wewe," wifi akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Ule uzi uliingia, haukuingia?"

"Uliingia, mama."

"Basi usikate. Ukikata utaacha nini? Watabaki na mama anayehangaika tu. Mimi niliutia."

"Lakini watu walitoka, wifi," nikasema.

"Waliotoka walitoka kabla, shauri yao." Akanigeukia. "Wewe uliuona ukiingia?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekaa vizuri. Lakini alikuwa amenielekezea uso, na nilijua anasikia hata jinsi ninavyopumua.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nimegeuka nyuma. Nawahesabu wanaotoka."

Wifi akamwambia Msomi afungue kompyuta, aiweke juu ya meza ya kukatia, mbele yangu. Yeye akavuta kiti chake akakaa kando, uso ameuelekeza dirishani. Msomi akatafuta mahali, akaachia picha itembee.

Tukakaa. Safari hii hapakuwa na viti vya kukwaruza wala mtu wa kumnunia. Wifi yangu kwenye kioo anaupeleka uzi, unapita pembeni. Anaulamba, anausokota. Unapita pembeni. Nikaona mambo ambayo ukumbini sikuyaona: kwamba haangalii sindano kabisa, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza. Kwamba mara mbili alitazama mlangoni. Nilijua alikuwa anamtazamia nani.

"Umeingia?" akaniuliza.

"Bado, wifi."

Dakika ya saba. Muuza nyama hapa ndipo alipoinuka. Kwenye kioo wifi anaushusha mkono, anaupandisha.

"Umeingia?"

"Bado."

Kisha nikamwona anaacha. Anaweka uzi mapajani, anapumua. Anaichukua sindano, anaipeleka mdomoni, anaigusisha tundu lake kwenye ncha ya ulimi, polepole, analitafuta. Akalipata, lilionekana usoni kwamba amelipata. Akauleta uzi palepale juu ya ulimi, akafunga midomo, akavuta kwa meno. Ukatoka upande wa pili, mrefu, mweupe, na mwanamke yule kwenye kioo akapiga fundo na kuanza kupinda sketi bila kutabasamu, kana kwamba ni kitu cha kila siku. Dakika kumi na moja, na mimi nilikuwa nimempa mgongo.

"Umeingia," nikasema. Nikamgeukia. "Umeingia, wifi."

"Najua," akasema. Akanyoosha mkono juu ya kimto, akapapasa upande wa kulia, hakukuta kitu. "Nyeupe zimeisha. Nitilie."